Nyonga za Wachezaji wa Bondeni

Mpira upo?

Upo katikati.

Niupige au nikae zangu?

Upige, tuudake.

Haya, dakeni, na atakayesinzia asije akamlaumu kipa. Mimi mwenyewe nimechoka, na hawa ninaowasimulia walikuwa wamechoka kuliko mimi, kwa hiyo tutakwenda polepole.

Hapo kale wanyama walikuwa na timu zao za mpira. Kulikuwa na Mlimani, kulikuwa na Kichakani, kulikuwa na Mtoni, na kulikuwa na Bondeni. Bondeni walikuwa wa mwisho. Msimu ulioisha walikuwa wa mwisho, msimu wa kabla yake walikuwa wa mwisho, na wa kabla ya huo tusiuseme.

Wanyama hao walikuwa na desturi yao. Kila msimu ukikaribia, vijana wanaojua mpira walijipanga uwanjani, na timu zikawachagua kwa zamu. Timu iliyoshika mkia ndiyo iliyochagua kwanza, ili nayo ipate nguvu. Kwa hiyo Bondeni walichagua kwanza kila msimu, na kila msimu walishika mkia. Wenyewe walisema ni mkosi.

Mwenyekiti wa Bondeni alikuwa Fisi. Alikuwa mkubwa, alikuwa na sauti, na alikuwa na tumbo lisilojua kushiba. Neno la mwisho lilikuwa lake, kwa sababu yeyote aliyesema neno baada ya lile la Fisi alitazamwa paja. Na Fisi aliweka sheria moja tu: mchezaji mpya alale kambini. Kambi ilikuwa pangoni kwa Fisi.

Basi walimchagua Swala. Swala akaenda kambini, akaumia nyonga, akarudi kwao kutibiwa. Msimu uliofuata walimchagua Bata. Bata akaenda kambini, akaumia nyonga, akarudi kwao kutibiwa. Kisha walimchagua Sungura, yule mnayemsikia kila siku kwamba ni mjanja. Sungura akaenda kambini, akaumia nyonga, akarudi kwao kutibiwa.

"Nyonga za vijana wa siku hizi," walisema mashabiki, wakitikisa vichwa. Halafu wakaanza kubishana achaguliwe nani safari hii.

Juu ya pango la Fisi palikuwa na mwamba, na juu ya mwamba huo aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi: kanyama kadogo ka kwenye mawe, ukikatazama haraka utadhani ni panya aliyenenepa. Pimbi alikuwa shabiki wa Bondeni tangu ujana wake. Aliota jua juu ya mwamba, na chini yake alisikia, katu, katu, katu. Alipochungulia aliona kwato za Swala. Baadaye aliona manyoya ya Bata. Masikio ya Sungura aliyaona pia, na siku hiyo hakula.

Aliwahi kuuliza. Alisimama kwenye mkutano wa mashabiki akasema, "Jamani, kabla hatujachagua mwingine, yule wa msimu jana yuko wapi?"

"Bibi Pimbi, hayo yamepita," alisema Ngiri. "Sisi tunajenga timu."

"Bibi Pimbi, usituletee mikosi," alisema Nyumbu.

Na Fisi alimtazama paja. Pimbi akakaa chini. Tangu hapo alichoka, uchovu ule ambao ukilala unaamka nao.

Upande wa pili wa mwamba wake alikuwa akiishi Kanga, yule ndege wa madoadoa. Mama yake alikufa Kanga angali kifaranga, na Pimbi ndiye aliyemlea, akimfunika kwa tumbo lake siku za baridi. Sasa Kanga alikuwa amekua. Alikuwa mnono, mapaja hayo, kifua hicho. Na mpira alijua. Akiupata ni kwe, kwe, kwe, kushoto, kulia, wewe umelala chini na yeye yuko golini. Kitu alichokitamani duniani ni kimoja tu, kuchaguliwa wa kwanza.

"Mwanangu," alisema Pimbi, "mwaka huu usiende uwanjani."

"Kwa nini, Bibi?"

"Kwa sababu Fisi anawala. Swala alimla, Bata alimla, na Sungura alimla. Na wewe utaliwa."

Kanga alicheka mpaka manyoya yakamsimama. "Bibi, Mwenyekiti mwenyewe alinishika mbavu jana. Akasema nimeiva."

"Ndiyo hayo ninayokwambia."

"Kila mwenye kipaji ana mtu wake wa kumkatisha tamaa," alisema Kanga. "Sikudhani wangu utakuwa wewe." Akaondoka, na Pimbi aliumia moyo kuliko siku ya masikio.

Uwanjani mashabiki walikuwa wamekusanyika kwenye kichuguu wakibishana. Ngiri alitaka beki. Alisema timu haina beki, na timu isiyo na beki ni nyumba isiyo na mlango. Nyumbu alitaka mfungaji. Alisema beki hafungi. Ngiri alisema mfungaji hazuii. Nyumbu alisema Ngiri hajawahi kucheza mpira. Ngiri alisema hata Nyumbu hajawahi. Wakabishana, wakabishana, jua likapanda, na Pimbi akachoka.

Pimbi hakubishana. Alimwendea Kobe, aliyekuwa amejilaza kando ya njia.

"Kobe, unataka kucheza mpira?"

"Sitaki," alisema Kobe. "Nataka mahali pa kukaa nisisumbuliwe."

"Golini kwa Bondeni hakuna anayekuja kukaa na wewe. Hata beki hatuna."

Kobe akatoa kichwa kidogo. "Na Fisi je? Si nasikia kambi iko kwake?"

"Ndiyo, iko kwake."

"Na anatafuna?"

"Anatafuna."

"Basi atafune," alisema Kobe. "Meno ni yake."

Kutoka hapo Pimbi alikwenda kwa Tumbili. Ukitaka jambo lijulikane, mwambie Tumbili asimwambie mtu. "Mwanangu Tumbili, usimwambie mtu," alisema Pimbi. "Tembo, kocha wa Mlimani, hana raha. Anaogopa Bondeni tusije tukamchukua Kobe."

Tumbili akaruka, chwa, akamwambia Nyumbu. Nyumbu akamwambia Ngiri. Kwa Tumbili, Tembo hakuwa na raha. Kwa Nyumbu, Tembo alikuwa haoni usingizi. Ilipofika kwa Ngiri, Tembo alikuwa amelia mbele ya wake zake. Jua lilipofika utosini kichuguu kizima kilikuwa kinaimba, Kobe, Kobe, tunamtaka Kobe. Wale wale waliotaka beki na wale wale waliotaka mfungaji, wote sasa walikumbuka kwamba wao ndio waliomtaja Kobe mwanzo.

Fisi aliwasikiliza, na macho yake yalikuwa kwa Kanga. "Nimeamua," alisema. "Ni Kanga."

Pimbi akamsogelea sikioni. Kukaa karibu na mdomo ule si mchezo. "Mwenyekiti, mimi mpira siujui. Ila nimemtazama Kobe. Mtu hafungi mlango mnene namna ile bila kuficha kitu ndani. Fikiria mwenyewe, nyama ambayo haijapigwa jua tangu azaliwe."

 Mate yakamdondoka Fisi, toto, toto, toto.

"Na Kanga?" alinong'ona.

"Kanga umeona yote aliyo nayo. Ni yale manyoya na ule mdomo. Aliyefunikwa amefunikwa kwa sababu, Mwenyekiti."

Fisi akapanda kichuguuni. "Wanabondeni," alisema, "mimi ni mtumishi wenu. Mmesema Kobe, na mimi nasema Kobe."

Walishangilia, wakambeba Kobe juu juu. Kanga alibaki amesimama kwenye mstari, shingo imemlegea. Zamu ya pili ilikuwa ya Mlimani, na Tembo, ambaye hajawahi kuonja nyama maishani mwake, akamgusa Kanga kwa mkonga akasema, "Wewe twende." Kanga akafuata. Alipompita Pimbi alisimama kidogo.

"Nimesikia aliyeanzisha habari ya Kobe ni wewe, Bibi."

"Ni mimi," alisema Pimbi.

Kanga akapita zake. Hakuaga, na Pimbi hakumwita. Angemwambia nini ambacho hakuwa amekwisha kumwambia?

Jioni hiyo Fisi akamwingiza Kobe kambini. Pimbi alikaa juu ya mwamba akasikiliza. Alisikia, kwa. Kisha akasikia, kwa, kwa. Kisha, kwaruuu, kama mtu anayeburuta sufuria. Kisha kimya, na katika kimya hicho sauti ya Kobe ikatoka ndani ya gamba, ya usingizi usingizi: "Mwenyekiti, mazoezi ni saa ngapi?"

Kulipokucha Fisi alitoka na shavu limemvimba, na meno mawili ya mbele hayapo. "Ni hotuba," aliwaambia mashabiki. "Nimewasemea sana." Wakampa pole.

Msimu ukaanza. Kobe alitambaa hadi golini, akakaa katikati, akaingiza kichwa, akaingiza miguu. Mpira ulikuja, ngo, ukarudi ulikotoka. Ukaja tena, ngo, ukarudi. Mtoni walipiga, ngo. Kichakani walipiga mpaka wakaumwa miguu, ngo, ngo. Bondeni hawakufunga mabao mengi, maana mfungaji hawakuwa naye, na jambo hilo lilibishaniwa kila siku. Lakini hawakufungwa kama zamani. Na Kobe hakuumia nyonga.

Mechi ya mwisho ilikuwa na Mlimani. Pimbi alikwenda mapema, akapanda jiwe lililo nyuma ya goli. Alikuwa hajamwona Kanga tangu siku ile. Akaogopa atakachokiona, na akaogopa zaidi kutokukiona.

Kanga aliingia uwanjani akikimbia. Kwe, kwe, kwe. Akampita Ngiri, akampita Nyumbu, ambao siku hizo walichezeshwa mabeki kwa kukosa wengine, akafika mbele ya Kobe. Kila mtu akajua, sasa ni ngo. Kanga hakupiga. Alisimama akamwambia Kobe, "Shikamoo." Kobe, aliyelelewa vizuri, akatoa kichwa na kusogea kidogo ili aitikie marahaba, na Kanga akausukuma mpira pale kwenye upenyo. Goli.

Halafu akaja moja kwa moja kwenye jiwe la Pimbi. Akamgeuzia mgongo, akatikisa nyonga, ya kushoto, kisha ya kulia. "Zitazame vizuri, Bibi," alisema. "Zimeumia wapi?"

Mlimani wote wakacheka. Pimbi alizitazama zile nyonga, nzima zote mbili, nene, zinatikisika kwa jeuri mbele ya macho yake, na machozi yakamtoka. Alilia kama mtoto, wala hakujificha.

Filimbi ikalia. Bondeni walikuwa wamefungwa moja, lakini kwa mara ya kwanza hawakushika mkia. Walioshika mkia ni Mtoni. Mashabiki wakaruka, wakakumbatiana, na katikati yao Fisi alikaa kitako akalia kwa sauti, maana sasa wa kuchagua kwanza ni Mtoni, na vinono vitakwisha kabla zamu yake haijafika.

"Watazameni hawa wawili," alisema Ngiri, akiwanyoshea kidole Fisi na Pimbi. "Kuna watu wanaipenda timu hii."

"Ila tungemchukua yule Kanga," alisema Nyumbu.

"Mimi nilisema Kanga toka mwanzo," alisema Tumbili.

"Nani alisema Kobe?" aliuliza Ngiri.

Wakabishana, wakabishana, jua likazama. Pimbi akashuka jiweni, akaenda zake kulala, na usiku huo alilala.

Fundisho la ngano hii ni hili. Mkichagua kiongozi, chagueni anayewapenda wachezaji wake mpaka mifupani. Mchezaji wa msimu jana msimwulizie, anatibiwa. Na ukimwona kibibi analia nyuma ya goli, jua hajui mpira.

Mpira uko wapi?

Umetoka nje.

Nani ataufuata?

Aliyeupiga.

Mimi? Na nyonga hizi? Kalaleni.