Chungu Marufuku

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, majiko yao na majirani wa kusengenyana nao, Kindi aliuza kahawa. Sogeeni, watoto, na mtu asiwadanganye. Wengine husema alikuwa Sungura. Uongo mtupu! Sungura siku hiyo alikuwa safarini. Alikuwa Kindi, mwenye mkia kama ufagio na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuuliza maswali.

Kila alfajiri alibeba birika lake la kahawa, dele la shaba aliloachiwa na marehemu mama yake, akigonganisha vikombe, kang'! kang'! kang'! Wateja wakajaa. Mzee Kobe alikunywa kikombe kimoja tu, lakini alikinywa mpaka jua likapanda, kwa soga.

Mkuu wao alikuwa Kifaru. Aliwapenda raia wake, hilo tusimnyime. Ila aliwapenda mpaka wakakosa pumzi. Alipiga marufuku kulala mchana, eti kunalegeza magoti. Akapiga marufuku kutikisa kiuno ngomani, eti mifupa itaachana. Kisha asubuhi moja akapita barazani alipouzia Kindi, akaonja kahawa.

"Ptuuu! Nini hii?"

"Kahawa, Mkuu."

"Mbona chungu?"

"Ndiyo utamu wake, Mkuu."

"Utamu? Raia wangu mnameza uchungu halafu mnauita utamu? Mmepotea, wanangu! Kasuku, njoo!"

Kasuku, mpiga mbiu, akatua begani pake, pu!

"Tangaza," alisema Kifaru. "Kuanzia leo, kwa faida ya matumbo, nyuso na tabia za raia, kinywaji chochote chenye ladha chungu ni marufuku, na atakayekutwa nacho, chombo chake kitavunjwa. Umeshika?"

"Nimeshika!"

Alishika wapi! Kichwa cha Kasuku kilikuwa na nafasi ya maneno mawili tu. Akaruka kijiji kizima akipayuka: "Chungu marufuku! Kwaak! Chungu marufuku!"

Askari wawili, Ngiri na nduguye, wakamnyang'anya Kindi dele lake.

"Liwekeni bomani kwangu," Kifaru akaamuru. "Leo alasiri nitalikanyaga mbele ya wote, liwe bapa kama chapati."

"Mkuu, ni la mama yangu!"

"Nakufanyia hivi kwa faida yako, mwanangu. Utanishukuru."

Kindi akarudi nyumbani mikono mitupu. Alipopita mlangoni pa jirani yake, Mama Fungo, akamwona ndani ameinama, anasukuma chungu chake cha kupikia uvunguni mwa kitanda.

"Mama Fungo, unafanyaje?"

"Wee, hukusikia mbiu? Chungu marufuku! Mtaa mzima tumeficha."

"Lakini Mama Fungo, chungu kipi?"

"Kwani kuna vingapi? Chungu si chungu!"

Mkia wa Kindi ukasimama wima, twii! Hapo ndipo lilipokuwa swali lake. Akageuka mbio hadi kwa wale askari.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Sema haraka," alijibu Ngiri.

"Nina udadisi kidogo. Hivi sheria inasemaje?"

"Chungu marufuku."

"Na kikionekana?"

"Kinavunjwa!"

"Hata kikiwa cha mkubwa?"

"Wewe! Sheria haina mkubwa wala mdogo."

"Na mkiwa na shaka, mnamuuliza nani?"

Ngiri akacheka mpaka pembe zikatikisika. "Kuuliza ni kazi yako. Yetu ni kuvunja."

"Basi nimekiona kimoja. Kikubwa, cheusi, kinafuka moshi. Fuateni harufu."

Mnajua ngiri wanavyokimbia: mkia juu, pua chini. Mwenye pua chini haoni ameingia kwa nani. Tifu, tifu, tifu! Wakapita ua, wakaingia jikoni, wakapiga teke. Kwaaaa! Chungu kikapasuka vipande, mchuzi ukatapakaa.

"Mama yangu weee!" Mke wa Kifaru akatoka na mwiko. "Chakula cha mume wangu!"

Kifaru akafika na njaa yake ya mchana. Alipoona vigae, akatoa pumzi, fuuuh!

"Nani kavunja chungu changu?"

Ngiri wakapiga saluti. "Sisi, Mkuu! Chungu marufuku!"

"Chungu marufuku! Kwaak!" Kasuku akaitikia juu ya paa.

"Wapumbavu! Sikusema chungu cha kupikia! Nilisema chungu ya ulimi!"

Kindi akachungulia mlangoni. "Samahani, Mkuu, nina udadisi tu. Ulimi wa nani?"

"Wa... wa kila mtu! Chungu ni chungu!"

Kindi akaokota jani moja kwenye mchuzi uliomwagika, akampa Ngiri. "Hebu onja, afande."

"Ptuu! Ptuu! Ni chungu balaa!"

"Ni mchunga huo," alisema Mama Kifaru. "Baba watoto hali mboga nyingine. Siku nisipompikia, hanisemeshi."

"Lakini mchunga una utamu wake!" alifoka Kifaru. "Ni mazoea tu, ukishazoea..."

Mzee Kobe, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, akakohoa.

"Tumbo linaniuma kwa njaa," Kifaru akasema kwa sauti ndogo. "Mama watoto, azima chungu kwa jirani."

Mama Kifaru akabisha hodi nyumba kwa nyumba. Majibu yakatoka madirishani bila kufungua mlango.

"Chungu? Hatuna, marufuku!"

"Usitutie matatani, mwenzetu!"

"Hata neno lenyewe tumelisahau!"

Jua likateremka. Tumbo la Mkuu likanguruma, ngurrr, mpaka Kasuku akadhani mvua inakuja. Kifaru akalitazama dele. Akainua mguu alikanyage, ukabaki hewani, kisha ukashuka taratibu pembeni.

"Kasuku," akasema, "tangaza. Maneno mawili tu."

"Chungu ruksa! Kwaak! Chungu ruksa!"

Milango ikafunguka, vyungu vikatoka uvunguni, na Mama Fungo akawa wa kwanza kuleta chake. Kindi akalikumbatia dele lake, akalipangusa kwa mkia, na kabla mchunga haujaiva akawa ameshawasha makaa.

"Kikombe, Mkuu?"

"Sitaki! Ni chungu."

"Sawa, Mkuu," alisema Kindi, akimmiminia Mzee Kobe. "Na mimi mchunga wako siutaki. Umeona ilivyo rahisi?"

Basi, watoto, anayetaka kuchunga ndimi za wenzake, kwanza afunue chungu chake mwenyewe.

Hadithi yangu imekauka kikombeni. Anayeitilia shaka akamuulize Kobe, yeye bado hajamaliza kunywa.