Nani Akabishe Hodi kwa Mwalimu Chande?

Kaeni kitako niwape kesi, maana mimi imenishinda na imeniudhi. Nikimaliza mtanipa hukumu. Atakayesema "wote wana makosa" namwambia mapema ajikalie kimya, hilo hata mimi nalijua.

Palikuwa na wafasiri, watu wanaokula kwa kuhamisha maneno ya wenzao kutoka lugha hii kwenda lugha ile. Walikuwa na jukwaa lao la barua pepe. Mmoja akiandika, barua inawafikia wote, wa Unguja, wa Mbeya, wa Moshi. Neno moja la kigeni lingeweza kuwagombanisha wiki nzima, na walikuwa na raha zao. Humo jukwaani mlikuwa na watatu wenye vipaji.

Lwitiko alikuwa na kipaji cha kutotupa kitu. Akijibu barua anaiacha yote chini ya jibu lake, na iliyo chini ya hiyo, na iliyo chini yake tena, mkia unabururika hadi siku dunia ilipoumbwa. "Siku mtakapotaka kujua nani alisema nini," husema, "mtakuja kunishukuru."

Mshamu alikuwa na kipaji cha usafi. Mnavijua vile vishale vinavyokaa mwanzo wa mstari, kuonyesha kwamba haya si maneno yangu, ni ya mwenzangu nayanukuu? Mshamu havipendi. "Barua ina miiba kama samaki," husema, naye huitoa mmoja mmoja, na maneno yaliyozidi huyafuta, mpaka barua ikamezeka.

Ndeshu alikuwa na kipaji cha wepesi. Barua haijapoa, yeye keshajibu, mstari mmoja, juu kabisa, kwa wote. Kwenye msiba yeye wa kwanza kutoa pole, kwenye arusi yeye wa kwanza kutoa hongera. Watu walimpenda kwa hilo, nami sikatai.

Sasa njooni kwa Kazija. Huyu alifiwa na baba yake angali mtoto, akalelewa Tanga na rafiki wa marehemu, Mwalimu Chande, mfasiri mkongwe. Mwalimu ndiye aliyemsomesha, ndiye aliyemfundisha kazi, na Kazija hana mwingine anayemwita baba. Mwaka huo alipata mchumba. Posa ilikuwa ipelekwe kwa Mwalimu, yeye ndiye aketi na wageni na kuipokea. Mzee mwenyewe alikwisha kujitoa jukwaani kwa sababu ya macho. Barua pepe akipata moja anaisoma polepole, mstari kwa mstari, uso umegusa kioo.

Basi bwana mmoja, aliyenuna kwa kusahihishwa, akaandika jukwaani: "Mwalimu Chande amezeeka na Kiswahili chake kimeoza. Apumzishwe kabla hajatuaibisha." Akaandika hivyo, akajitoa, akaenda zake. Watu wa namna hiyo wanatema mate wanapita, anayebaki kupangusa ni mwingine.

Kazija alipandwa na hasira. Akayanukuu maneno yale, vishale vyake mbele kama inavyotakiwa, na chini yake akamtetea baba yake, kwa mifano, kwa adabu, maneno mengi mazuri. Wote waliyasoma. Ndeshu aliyasoma akalia.

Lwitiko akajibu. Yeye alitaka tu watu warudi kwenye mjadala wao, akaandika, "Tumesikia. Turudi kazini." Lakini chini yake akaacha kila kitu, tusi na utetezi, kama desturi yake. Tusi lile lingeweza kufia pale alipolijibu Kazija, yeye akalibeba mgongoni likasonga mbele.

Mshamu akaijibu barua ya Lwitiko. Alipouona ule mkia, mikono ikamwasha. Akang'oa vishale. Akaufuta utetezi wa Kazija, maana ulikuwa mrefu na kila mtu keshausoma. Akafuta na jina la yule bwana, si keshaondoka? Akabakiza mstari mmoja tu uliosema "Kazija ameandika," na chini yake, bila hata mwiba, maneno yale ya kuoza.

Ndeshu akaiona barua ya Mshamu. Hakushuka nayo chini. Jina la Kazija lilimtosha, akaukumbuka utetezi uliomliza, akaandika juu kabisa: "Asante Kazija, naunga mkono. Umesema yaliyo mioyoni mwetu sote." Na kwa kuwa ana huruma, akamtia Mwalimu Chande kwenye nakala, mzee naye ajionee anavyotetewa.

Kwa hiyo Mwalimu alipata barua moja tu. Akasoma kwamba Kazija ameandika Kiswahili chake kimeoza, na kwamba wenzake wanamshukuru.

Kazija alipopiga simu kuuliza habari za posa, mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Huyu hajapata kumwita ila mwanangu.

"Bi Kazija," akamwambia, "wageni wako wapokelewe kwa watu wazima. Mimi nimeoza."

Ndipo Kazija akazifuata barua zile moja moja, kila kitu kikajulikana. Kazija akampelekea barua yake ya kwanza, kamili. Mzee akamjibu: "Ile ina maneno haya, hii ina mengine. Kwenu kuna mtu anajua kufuta. Nitajuaje iliyofutwa ni ipi? Na huyo anayekushukuru, anakushukuru kwa lipi?"

Kazija akalia kwenye simu, akaapa. Mzee akalainika kidogo, kidogo tu. "Kama lilikuwa kosa la mtu," akasema, "aje huyo mtu. Mmoja. Abishe hodi, aseme ni mimi. Wakija kundi sifungui, kundi huja kugawana kosa mpaka kila mmoja anarudi kwake hana kitu."

Mnadhani walikwenda? Walibishana, tena humo humo jukwaani, kwa wote.

"Mimi sikufuta hata nukta," akasema Lwitiko. "Nani aliacha ushahidi kamili kama si mimi?"

Kweli. Lakini asingeuburura mkia, Mshamu angesafisha nini?

"Mimi sikumwandikia Mwalimu," akasema Mshamu. "Niliwaandikia nyinyi, na nyinyi mlijua nani kasema nini."

Kweli pia. Lakini aliyehamisha tusi kutoka kinywa kimoja akalitia kinywa kingine ni nani? Tena mfasiri, aliyefunzwa kwamba neno la mtu halitenganishwi na mwenyewe.

"Mimi nilikuwa namsifu," akasema Ndeshu. "Mtu anaombaje radhi kwa kusifu?"

Na hilo kweli. Lakini mkono wake ndio uliofikisha, na macho yake ndiyo yaliyokataa kushuka mistari miwili. Hapo akazuka mjuaji mmoja akasema kosa ni la Kazija mwenyewe, kwa nini alilirudia tusi, angejibu bila kunukuu. Huyo nisingemjibu hata kwa kunilipa.

Upande wa mchumba wakaanza kuulizana kama binti huyu hana mzee wa kumsemea. Wakasema watangoja mpaka Ijumaa. Kazija akaandika jukwaani barua yake ya mwisho, haina nukuu ya mtu: "Shindaneni. Mimi namtaka baba yangu." Mshamu alisahihisha alama moja ya kituo. Naapa.

Leo ndiyo Ijumaa. Kazija amerudi Tanga, amevaa buibui lake, ametoka. Dada mmoja aliyekutana naye mlangoni alimuuliza anakwenda wapi.

"Kwa baba. Nitabisha hodi niseme ni mimi. Nitasema niliyaandika kwa hasira, nimejuta."

"Lakini hukuyaandika."

"Atafungua," akasema Kazija.

Na kweli atafungua, namjua. Atalia, atamsamehe, posa itapokelewa kabla ya magharibi. Kisha mzee atakwenda kaburini akijua kwamba mtoto aliyemlea alimwita ameoza, na Kazija ataishi akiwa amesamehewa jambo ambalo hakulitenda. Jukwaani watamwandikia hongera, na mnamjua wa kwanza atakuwa nani.

Je, wewe ungemwacha aende? Na kama ungemshika mkono ukamrudisha, kati ya Lwitiko, Mshamu na Ndeshu ungemtuma nani akabishe hodi, ukijua wawili watakaobaki watalala usingizi wakiamini hawana kosa? Amueni upesi, keshafika kona ya msikiti.