Gari Lililokohoa Mlima Nyoka

"Kikohozi cha injini si hasira, ni kiu."

Bibi Sekela aliyasema hayo bila kuinua macho kwenye ungo wa maharage, wajukuu wake walipokuwa wakimteta dada yao kwa ukali wa ulimi wake. Wakamgeukia. Kisha mmoja akauliza, "Bibi, injini imeingiaje humu?"

"Imeingia kwa njia ya Mlima Nyoka," akajibu. "Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa hivi."

Hapa hapa Mbeya aliishi seremala mmoja, Ambakisye, mwenye gari dogo jekundu la zamani. Alilifungia kabureta kubwa, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na bomba la moshi lenye mngurumo, akajiandikisha kwenye mashindano ya kupanda mlima. Watu walidhani ameingiwa na wazimu wa magari. Ukweli ni kwamba nyumbani hapakukalika. Wakati wa masika yeye na mkewe, Tupokigwe, walimzika mtoto wao wa pekee, Lusajo. Tangu hapo Ambakisye akawa kama mtu aliyekalia siafu. Alikula amesimama. Akianza kupiga randa, aliiacha katikati akaenda kufungua boneti. Mtu akimwita Baba Lusajo hakugeuka, hata watu wakaacha kumwita hivyo.

Mashindano yalipokaribia, gari likaanza vituko. Kila alipokanyaga mafuta, injini ilisita, ikakohoa kupitia kwenye kabureta, pah! halafu ikaendelea shingo upande. Akabadili plagi. Zile za zamani zilitoka nyeupe kama chokaa, naye akafurahi, akidhani weupe ule ni usafi, kumbe ni wa kuungua. Akabadili nyaya za moto. Akageuza taimingi, ule wakati wa cheche kuwaka, huku, akairudisha kule. Gari likazidi kuchemka.

"Lina hasira na mimi," aliwaambia majirani. "Lina kisirani tu."

Hata juu ya mkewe alisema vivyo hivyo. Tupokigwe, aliyejulikana kwa upole, siku hizo alifoka kwa jambo dogo: chumvi, spana juu ya meza, mlango ulioachwa wazi. Kila alipofoka, Ambakisye alichukua funguo akatoka.

Jumamosi mchana alitaka kulijaribu gari Mlima Nyoka. Alipoliwasha tu, Tupokigwe akafungua mlango akaketi kando yake, mkoba mapajani.

"Leo tunakwenda wote," akasema.

Mlima ulipoanza kukaza, kikohozi nacho kikaanza. Pah! Gari likashtuka. Mshale wa joto ukapanda.

"Simama, Ambakisye. Linaungua hili."

"Nikisimama hapa halipandi tena."

"Wewe husimami popote! Nyumbani husimami. Hata makaburini hukusimama, ulikwenda kukaa kwenye gari!"

"Nimekukosea nini, Tupoki? Kila siku hasira, hasira!"

Tupokigwe akageuzia uso dirishani. Kona ilimyumbisha, akautundika mkanda wa mkoba kwenye kitufe kilichochomoza chini ya dashibodi ili mikono ipate kushika mlango. Uzito wa mkoba ukakivuta kitufe nje. Hicho kilikuwa choki, kile kinachobana hewa ya kabureta asubuhi ya baridi ili petroli iwe nyingi.

Kikohozi kikakoma. Injini ikanguruma kwa sauti nzito, ikapanda kama iliyosukumwa.

Ambakisye alikodoa macho. Akakirudisha kitufe ndani: pah! Akakivuta nje: kikohozi hakuna. Akalisimamisha gari kando ya barabara, injini ikiunguruma, akafungua boneti na kudondosha maji ya chupa taratibu kuzunguka kitako cha kabureta. Kwenye pembe moja maji yakafyonzwa, na mlio ukabadilika.

"Gasketi hii ya kuzibia imepasuka," akasema, akilizima gari. "Inavuta hewa hapa. Injini imekuwa ikimeza hewa tupu, petroli haitoshi. Siku zote inakohoa kuniambia, nami naigonga kwa spana." Akacheka kidogo, cheko la uchovu. "Haikuwa na hasira, Tupoki. Ilikuwa na kiu."

Lori likapita, likawatimulia vumbi. Tupokigwe alikuwa ameshuka, ameketi juu ya jiwe.

"Na mimi je?"

Ambakisye akageuka.

"Tangu tumzike hujalitaja jina lake mbele yangu. Ndiyo, nafoka kwa ajili ya chumvi. Nikifoka, walau unanitazama."

Mikono ya Ambakisye ilitamani spana. Miguu ilitaka barabara. Alifuta viganja kwenye suruali, akavifuta tena, mwishowe akaketi chini, bega kwa bega na mkewe.

"Mama Lusajo," akasema.

Wakalia pale kando ya barabara mchana kweupe, wapita njia wakiwatazama. Kisha wakamzungumzia mtoto wao: alivyocheka akioga, alivyokataa uji na kuchekelea parachichi. Injini ilipoa zamani, nao bado wameketi.

Gasketi ikabadilishwa, jeti, kitundu cha kupitishia petroli, ikawekwa pana zaidi. Siku ya mashindano gari lilipanda bila kukohoa, likawa la tatu. Watu walipomuuliza dawa aliyotumia, Ambakisye alijibu kwa maneno yale ya mlimani. Akina mama wakayabeba hadi sokoni, wazazi wakaambiana juu ya watoto wao, yakaenea.

Bibi Sekela akapepeta ungo mara moja. Wajukuu walikuwa wakisikiliza sufuria zilivyokuwa zikibamizwa na dada yao jikoni.

"Hamjamuuliza ana nini," akasema. "Nendeni mkakae naye. Kikohozi cha injini si hasira, ni kiu."