Kitambaa Kabla ya Jino

Kulikuwa na mama mmoja kijana aliyesafisha meno ambayo hayajaota. Ndiyo, mmenisikia vizuri. Kila asubuhi, mtoto akishanyonya, alinawa mikono, akazungushia kidole kitambaa laini kilicholowa maji ya uvuguvugu, akapangusa ufizi taratibu, juu na chini, mpaka nyuma kabisa. Alikuwa na sababu. Mtoto wake wa kwanza, meno ya mbele yalioza yakabaki vipande vyeusi, na mpaka leo akicheka huziba mdomo kwa kiganja.

Mama mkwe wake, aliyeishi nao, alikuwa amelea wengi. Kwake mtoto akilia hulambishwa sukari kwenye ncha ya kidole, basi. Kile kitambaa kilimchekesha.

"Mwanangu, mbona unadeki nyumba isiyo na mtu?"

"Namngoja mgeni, mama. Sitaki akute uchafu."

Bibi akacheka mpaka machozi, akaenda kuwasimulia majirani. Mkamwana hakubishana. Aliendelea kupangusa, mbele ya macho yake. Ila kila alipokwenda sokoni, moyo wake ulibaki nyumbani.

Siku moja anarudi, yuko mlangoni, akasikia mtoto analia, kisha kimya, ghafla. Akachungulia. Kopo la sukari liko wazi mezani, na kidole cha mama mkwe kimo kinywani mwa mtoto.

"Mama," akaita, akiingia.

Bibi akageuka. Kidole kilikuwa kimevaa kitambaa. Sukari ilikuwa ya chai yake mwenyewe, nayo imepoa bila kunywewa.

"Umechelewa," akasema. "Mgeni wako kafika. Njoo umwone."

Chini, mbele, kijino cheupe kama punje ya mchele.

Yule mkamwana namstahi: hakushinda kwa maneno. Na bibi namstahi zaidi. Nani kati yetu, kwa umri ule, hukubali kufundishwa na mke wa mwanawe?

Lakini tusiwasifu halafu twende zetu. Sisi hapa, mtoto akilia katikati ya ibada, mkono wetu huingia wapi? Kwenye mkoba, kutafuta pipi. Tunajipatia utulivu wetu kwa jino lake. Tunasema, yataanguka tu hayo. Na kabla hayajaanguka, nani atakayelala na maumivu? Sisi?

Basi pipi zibaki mkobani leo. Mtoto akilia, mbebeni, mbembelezeni. Akiendelea, na alie. Mungu atatusikia sote.