Wakili Aliyeombewa Ashinde

Wapendwa, nataka kuwasimulia habari za wakili mmoja, na naomba tusiharakishe kumhukumu, maana hakuwa mtu mbaya.

Alikuwa amefanya kazi ya uwakili miaka thelathini na moja katika mji mmoja wa wilaya. Mahakimu walimheshimu, na wanyonge waliijua ofisi yake. Mwaka huo akachukua fomu kugombea uenyekiti wa chama cha mawakili cha mkoa. Tena nia yake ilikuwa njema. Kila alipoomba kura alisema, "Mkinichagua, hakuna mnyonge atakayeozea rumande kwa kukosa wa kumtetea." Nani angepinga hilo?

Wakati huohuo alikuwa na kesi ya fundi seremala aliyeshitakiwa kuiba mbao za shule. Fundi hakuiba. Mwalimu mkuu ndiye aliyemruhusu azipeleke kwenye karakana yake akatengeneze madawati ya shule, kisha mwalimu akahamishwa, na aliyekuja baada yake hakuambiwa lolote. Yule mwalimu wa kwanza alikuwa tayari kuja kueleza hayo mahakamani. Lakini fundi alikosa wadhamini, kwa hiyo akawa anasubiri rumande.

Siku ya utetezi ilipofika, wakili alikuwa na mkutano wa kampeni wilaya ya jirani. Akaomba kesi iahirishwe. Tarehe ya pili akaomba tena. Ya tatu hakufika kabisa, alituma barua. Miezi minne ikaenda hivyo.

Mama yake fundi, mama mtu mzima mwenye miguu iliyovimba, akapanda ngazi mpaka ofisini kwa wakili.

"Baba, mwanangu atatoka lini?"

"Vumilia kidogo, mama. Nikishinda uchaguzi huu nitamtoa, yeye na wengine wengi."

Yule mama akasema, "Hao wengine mimi siwajui, baba. Ninaye huyo mmoja."

Wakili akamsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote, akarudi kwenye orodha yake ya wapiga kura.

Basi, alishinda. Alishinda kwa kura nyingi, wakamvisha shada la maua, picha zikapigwa. Wiki mbili baadaye akaingia mahakamani na kesi ya fundi. Yule mwalimu akatoa ushahidi, na barua ya ruhusa akaitoa. Mnajua ilichukua muda gani? Hata saa ya chai haikufika. Hakimu akamwachia fundi huru.

Nje ya mahakama wakili akamshika mkono, uso umejaa furaha. "Nenda nyumbani. Msalimie mama, mwambie ahadi nimeitimiza."

Fundi akatazama chini. "Mama walishamzika, mzee. Mwezi uliopita. Mimi sikuwepo."

Wakili akauachia ule mkono.

"Lakini kabla hajaugua alikuja kuniona rumande," fundi akaendelea, kwa upole, bila kinyongo. "Akaniambia umesema ukishinda utanitoa. Akaniomba nikuombee ushinde. Basi tukawa tunakuombea kila jioni, mimi na wenzangu mle ndani. Mungu akubariki sana."

Akaondoka. Wakili akabaki pale kwenye ngazi, mwenyekiti wa mkoa mzima, na ile asante hakujua aiweke wapi.

Ndugu zangu, angetukanwa ingekuwa nafuu. Tusi unaweza kulijibu. Utamjibu nini mtu uliyemchelewesha, naye anakushukuru?

Na sisi je? Tunataka uzee wa kanisa ili tuwahudumie watu. Tunataka uenyekiti wa kwaya, wa jumuiya, wa kikundi cha akina mama. Si dhambi kutaka. Lakini huyo mmoja aliyekwisha kuwekwa mkononi mwako, amekaa wapi leo? Tunamwambia vumilia, nikipata nafasi nitakufikia. Nafasi tunaipata kweli, ila tukifika tunakuta watu wameshatoka kuzika.

Nisijitoe. Alhamisi niliambiwa kuna mgonjwa wa usharika huu anaomba nimwone. Nikajibu, nikimaliza kuandaa mahubiri. Mahubiri ndiyo haya mnayoyasikia, na kwa mgonjwa bado sijafika.

Tukishatoa baraka sitasimama mlangoni kusalimiana nanyi, mnisamehe. Ninakwenda kwake. Na wewe unajua kwako ni kwa nani.