Kiapo Alichokikataa Kadhi wa Sumairi

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba mji wa Sumairi ulikuwa mpakani mwa falme mbili, na ufalme wa mashariki ukauteka kutoka kwa ule wa magharibi. Akaletwa liwali mgeni, Amiri Badrani. Yeye, kila alipokabidhiwa mji uliotekwa, alibatilisha hukumu zote za utawala uliopita, watu wakaanza upya mbele ya makarani wake.

Habari hiyo ilipoenea, watu walishikwa na fadhaa. Mwanamke aliyeachishwa na kadhi akaolewa tena hakujua sasa ni mke wa nani. Mayatima waliorudishiwa nyumba ya baba yao waliogopa kufukuzwa. Wakamwendea kadhi wao, Sheikh Nuumani bin Idrisa, aliyehukumu pale miaka thelathini, wakamwomba awasemee.

Liwali alimsikiliza hadharani, kisha akasema, "Sheikh, mimi sikujui, ila nasikia u mchamungu. Basi apa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hukumu zako zote zilikuwa za haki, nami nitaziacha kama zilivyo."

Watu wakashusha pumzi. Lakini Sheikh aliinama. Mtu mmoja akamnong'oneza, "Apa, Sheikh, utuokoe!"

Akainua uso. "Siwezi kuapa, Amiri. Moja nilikosea. Bi Rayhana, mjane yule aliyesimama kule nyuma, nilimnyang'anya shamba lake la makomamanga nikampa shemeji yake, kwa ushahidi wa watu wawili. Mmoja wao alikiri katika sakarati za mauti kwamba walisema uongo."

"Mbona hukuitengua?"

"Hukumu iliyopigwa muhuri wa Sultani wetu wa magharibi haikutenguliwa ila kwa idhini yake. Niliandika mara tatu, sikujibiwa, kisha vita vikafunga njia. Lakini kuficha mbele za watu, hilo ni langu mwenyewe. Niliona haya."

"Umetuangamiza!" akalia mama wa mayatima.

Amiri akainua mkono, watu wakanyamaza. "Nimetumwa miji saba," akasema, "na makadhi wote saba waliapa kwamba hawajakosea hata siku moja. Ndiyo maana sikuzipokea hukumu zao." Akamgeukia karani. "Andika: hukumu za Sumairi zibaki. Na kwetu sisi, kadhi hulisahihisha kosa lake bila kumwomba mtu ruhusa. Keti, Sheikh, uhukumu."

Sheikh akaketi, machozi yakimlowesha ndevu, na hukumu yake ya kwanza chini ya utawala mpya ikawa ya kujikosoa mwenyewe: shamba la makomamanga lirudi kwa mjane. Bi Rayhana akasogea mbele.

"Nimekusamehe, baba," akasema. "Miaka minne nimekushitaki kwa Mola wangu, kumbe nawe ulikuwa ukinitetea."

Tawala huja na kuondoka, ndugu zangu, na kila mtawala mgeni hutafuta wa kumwamini. Sheikh Nuumani alidhani anaupoteza mji wake kwa kusema kweli, asijue kwamba Mola amekwisha kumlainishia moyo wa Amiri. Basi tuulizwapo, tuseme kweli, na yatakayofuata tumwachie Mwenye kuyamiliki.