Saa ya Mwana Salha

Katika mji wa Tambareni, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa hata ukang'ara kwa mbali kama jino jipya, alitawala Sultani Badirani bin Hamadi, mwenye majeshi na mabustani na farasi mia mbili, na katika mali yote hiyo hapakuwa na kitu alichokipenda kama saa ya mfukoni ya mama yake, Mwana Salha. Saa hiyo Mwana Salha aliivaa kwa mkufu miaka hamsini, ikilala baina ya kanzu na kifua, na Sultani alipokuwa mtoto alilazwa juu ya kifua hicho akasikia mapigo mawili, la moyo na la saa, asijue lipi ni lipi, na huo ndio ulikuwa usingizi wake.

Kipupwe kilipoingia Mwana Salha akafariki, Mungu amrehemu, na saa ikawekwa juu ya mto wa hariri katika chumba cha mawe, na asubuhi ya tatu ikasimama. Sultani akaitikisa, ikatoa pigo moja, ikanyamaza. Hapo akalia kilio ambacho hakukilia hata makaburini. Kisha ikapigwa mbiu: atakayeifanya saa itembee kabla ya arobaini ya marehemu kupita atakuwa Mkuu wa Saa wa nchi nzima, na atakayeigusa akazidi kuiharibu atakatwa mkono.

Mkuu wa Saa, lakini, alikuwapo tayari. Alikuwa mpwa wa Waziri Kassabu, aliyepewa cheo kwa sifa moja tu, kwamba ana mjomba. Na miaka minne alikula mshahara bila kujua ufunguo wa saa huzungushwa upande gani. Huyu aliitazama saa, akainusa, akageuka rangi, akasema, "Jini." Wakaitwa mafundi wawili wengine, nao wakanusa, wakatazamana, wakasema, "Jini, wallahi." Ukafukizwa ubani hata paka wa ikulu wakahama, na saa haikujali.

Na katika mji huo alikuwamo kijana, Ngwali bin Machano, mtoto wa mfua shaba, aliyesafiri nchi za mbali akasoma ilmu ya magurudumu miaka saba na kurudi na ijaza saba, vyeti vya ilmu hiyo, vyenye mihuri mikubwa kama vitumbua. Kila mlango wa serikali aliobisha aliambiwa, "Wewe nenda, tutakuita." Miaka mitatu ikapita, hawakumwita. Ijaza zikakaa sandukuni, na mama yake, ambaye aliuza bajia, kila alipopungukiwa na karatasi za kufungia alilitazama lile sanduku kwa jicho la tamaa.

Ngwali akaenda ikulu. Waziri Kassabu akamtazama kuanzia makubadhi mpaka kofia.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Machano, mfua shaba."

"Sikuulizi aliyekuzaa. Nakuuliza, humu ndani unamjua nani?"

"Naijua saa, Bwana Waziri. Nilidhani mgonjwa ni yeye."

Walinzi wakainamisha vichwa wasionekane wakicheka. Na kwa kuwa arobaini ilikuwa imebakia siku moja, na hakuna mwingine aliyethubutu, akaruhusiwa. Akapewa chumba chenye dirisha la mashariki, na mlangoni akakalishwa Mwanakheri, msusi wa marehemu, ailinde saa isiibwe.

Ngwali akaketi, akatandaza kitambaa cheupe, na alipoishika ile saa akasahau hasira zake zote. Kasha la nje lilikuwa la fedha lililovikwa gamba la kasa, na gamba lilikuwa limelika upande mmoja kwa kusuguana na kifua cha mtu nusu karne. Uso ulikuwa wa kauri nyeupe kama maziwa, tarakimu zimeandikwa kwa kalamu ya unyoya, na chini ya tarakimu ya sita ulikuwapo ufa mwembamba, wa zamani, ulioingia weusi. Akrabu zake mbili, mishale ya kuonyesha saa na dakika, zilikuwa za chuma kilichochomwa kwa subira hata kikawa buluu kama shingo ya tausi. Akafungua kifuniko cha nyuma, na ndani akaona mnyororo mwembamba kama uzi, wenye pingili mia sita, kila pingili imefungwa kwa kijipini kisichoonekana ila kwa kioo cha kukuzia; na juu ya gurudumu la mapigo akaona daraja la shaba lililotobolewa maua na majani, maua ambayo mtengenezaji alijua fika kwamba mwenye saa hatayaona maishani. "Ya salaam," akanong'ona Ngwali. "Kulikuwa na watu duniani."

Kisha akaona vichwa vya parafujo vimechunwachunwa upya, kazi ya yule mpwa, akatukana kwa lugha tatu. Na mwisho akaona ugonjwa wenyewe: kila mhimili, kila jino, kila kito chekundu kilichobeba mhimili, kilikuwa kimegandwa na kitu cheupe kama nta. Akanusa. Asumini.

"Dada," akaita, "hebu njoo unuse."

Mwanakheri akanusa, macho yakamjaa machozi papo hapo. "Mafuta ya nywele ya Bibi! Ya nazi, niliyachemsha mwenyewe kwa asumini na mlangilangi. Kila Ijumaa nikishamsuka, alichovya ncha ya ukindu akaitia saa tone moja kwa tundu la ufunguo. Akisema, 'Na huyu mwanangu, asikae mkavu.'"

"Kumbe! Na mafuta ya nazi kipupwe huganda. Kifuani mwake yalikuwa yakiyeyuka kwa joto lake. Alipoondoka yeye..."

"Kaka Ngwali," Mwanakheri akamkatiza, "hata wenzako walinusa. Hawakuwa wajinga kiasi hicho. Ukisema mafuta, umesema Mwana Salha ndiye aliyeiua saa. Utamwambia hivyo mtu aliyefiwa na mamake, na upanga u mkononi mwake?"

Kabla Ngwali hajajibu, kutoka chini ya gurudumu ikasikika chafya, akatoka jini mdogo kama punje ya mtama, mafuta yamemwingia hadi ndevuni.

"Ya ibn Adam! Arre baba, hatimaye mtu mwenye akili! Mimi ni Barkashi. Aliyeitengeneza saa hii alinifunga humu nimtumikie atakayeifungua. Msikilize dada wa watu. Funika, nyamaza, sema umemfukuza jini. Mimi nitalisukuma gurudumu kwa mikono yangu mpaka siku ya kufa kwako. Cheo chako, mshahara wako, khalas! Nani atajua?"

Ngwali akakishika kifuniko cha nyuma kama anayetaka kukirudisha, maana njaa ya miaka mitatu si kitu cha kudharau. Akautazama mnyororo wenye pingili mia sita.

"Nitajua mimi," akasema. "Nimesoma miaka saba, Barkashi, nije nisukumiwe gurudumu na jini? Basi tofauti yangu na yule mpwa ni ipi? Yeye ana mjomba, mimi nina wewe!"

Asubuhi ya arobaini, khitma ilipokwisha, Ngwali akasimamishwa mbele ya baraza, akapiga goti na kusema, "Ewe Maulana, Mungu akupe umri na akuzidishie subira. Saa hii haina ugonjwa wa jini. Ina ugonjwa wa mapenzi. Aliyekuwa nayo aliipaka mafuta ya nywele zake, kama mama ampakavyo mwana, na mafuta hayo yameganda katika mihimili yake. Wote walijua, na wote walikuogopa. Nami nakuogopa, lakini saa nayo ina haki yake."

"Amemtukana marehemu!" Waziri Kassabu akafoka. "Mkono ukatwe, na ulimi uufuate!"

Sultani akainua kidole kumzuia. Akaichukua saa iliyofunuliwa, akaipeleka puani, na uso wake ukawa uso wa mtoto wa miaka mitano. Akakaa hivyo, ameifumbata saa kwa viganja viwili, akinusa kichwa cha mama yake kilichotoka kusukwa. Na alipokuwa ameishika hivyo, joto la viganja likapenya, mafuta yakalegea, na mbele ya baraza zima saa ikapiga. Tik. Ikatulia, kisha tik, tik, kama mtu anayekumbuka njia ya kwenda kwao.

"Inatembea," Sultani akasema, machozi yakimlowesha ndevu. "Basi iacheni hivi hivi. Nitaivaa mimi."

Ngwali angeweza kunyamaza hapo akapata cheo chake. "Itatembea, Maulana. Lakini mafuta hayo yameshika vumbi la miaka hamsini, nayo yanaila mihimili kama msasa. Katika miaka miwili itakufa, na hakuna fundi atakayeifufua. Nikiiosha, itaishi kuliko wajukuu wako. Lakini hiyo harufu haitarudi."

Sultani akainusa mara moja ya mwisho, ndefu, kama mtu anayezamia.

"Osha," akasema.

Ngwali akaosha kila jino kwa roho ya mvinyo, maji makali yanayokata mafuta, na ncha ya unyoya, akatia mafuta ya kwato za ng'ombe yaliyochujwa juani, tone dogo kuliko jicho la sisimizi, na saa ikaanza kwenda kwa sauti kavu, safi. Barkashi akaruka nje, ameoga, anameta. "Masharti ya kifungo changu," akasema, "ni kwamba nitafunguliwa na fundi atakayekataa msaada wangu. Nimengoja mabwana tisa, na wote walikubali!" Akatema vito vyekundu saba juu ya kitambaa, akaruka dirishani, akatoweka.

Ngwali akawa Mkuu wa Saa, na mpwa akarudishwa kwa mjomba wake, na wote wawili wakatolewa mjini kwa mlango wa nyuma. Vito vikalipa mahari ya Mwanakheri, ambaye alikubali kwa sharti kwamba mume wake asimguse kwa mikono ya mafuta, na arusi ikaliwa siku saba. Na wenye hekima wa Tambareni husema mpaka leo: mji unaowapa wapwa ufunguo, usiwasingizie majini saa zikisimama.

Na kila magharibi, muadhini akimaliza, Sultani huzirudisha akrabu kwenye kumi na mbili kwa mkono wake mwenyewe. Kwanza huipeleka saa puani, wala hapati kitu ila shaba. Kisha huiweka sikioni, na hufumba macho.